Ngumi Laini: Asili, Falsafa na Mwendo wa Tai Chi

Kunapopambazuka katika miji ya Uchina, kabla barabara hazijajaa watu na magari, bustani za mji huwa tayari zina watu wake. Wengi wao ni wazee. Hujipanga mistari chini ya miti, husimama wima kwa utulivu, kisha huanza kwenda wote pamoja, polepole kama moshi upandao siku isiyo na upepo. Mkono huinuka, mkono hushuka. Mguu hutangulia mbele, lakini haubebi mwili mpaka umekwisha kuijua ardhi iliyo chini yake. Hapana kelele wala haraka. Mpita njia asiyejua atadhani kwamba anatazama ngoma isiyo na ngoma, au sala isiyo na maneno.

Lakini mmoja wa wazee wale akiulizwa anafanya nini, jibu lake litamshangaza mwulizaji. Atasema kwamba anafanya mazoezi ya ngumi. Jina kamili la mchezo huu ni taijiquan, na silabi ya mwisho, quan, maana yake ni ngumi, yaani namna ya kupigana kwa mikono mitupu.

Nje ya Uchina watu wamezoea kulifupisha jina hilo na kusema tai chi, nasi tutafanya hivyo. Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na sauti: jina hili halina udugu na tai, yule ndege wa mawindo. Tai ni neno la Kichina lenye maana ya kikubwa kupita vyote. Na chi, au ji kama liandikwavyo siku hizi, lilikuwa hapo kale jina la boriti ya juu kabisa ya nyumba, mahali ambapo pande mbili za paa hukutana. Kutoka hapo likapata maana ya upeo. Basi taijiquan ni Ngumi ya Upeo Mkuu.

Imekuwaje ngumi ikawa laini namna hii? Na imekuwaje silaha ya vijana ikawa mazoezi ya wazee? Hayo ndiyo maswali ya insha hii, na majibu yake hayapatikani kwa kutazama bustani tu. Yatupasa kurudi nyuma karne kadhaa, na njiani tutakutana na hekaya nzuri ambayo hatuna budi kuipima kabla ya kuiamini.

Hekaya yenyewe ni hii. Zamani aliishi mtawa wa mafundisho ya Tao, jina lake Zhang Sanfeng, katika milima ya Wudang iliyo katika mkoa wa Hubei. Siku moja alisikia kishindo nje ya kibanda chake. Alipotoka aliona ndege akipigana na nyoka. Ndege alishuka kwa nguvu na kudona. Nyoka hakushindana na mdomo ule, bali alijipinda akaukwepa. Alipoelekewa kichwani alijibu kwa mkia, na alipoelekewa mkiani alijibu kwa kichwa. Mwenye nguvu akachoka, na mwenye ulaini akabaki mzima. Mtawa akatambua pale kwamba kilicho laini chaweza kukishinda kilicho kigumu, akaingia ndani na kutunga tai chi.

Hekaya hii ni tamu, na mafunzo yake ni mema. Mpaka leo wapo wengi waisimuliao kama habari ya kweli. Lakini mwanafunzi wa historia apewapo kisa hana budi kuuliza maswali matatu: Kisa hiki kilisemwa lini mara ya kwanza? Kilisemwa na nani? Na yule aliyekisema alikuwa na haja gani moyoni mwake?

Tukiuliza juu ya zama za Zhang Sanfeng, wasimulizi hawapatani. Wengine humweka katika nasaba ya Song, ambayo ilikwisha mwaka 1279. Wengine humweka katika nasaba ya Ming, ambayo ilianza mwaka 1368. Mtu mmoja hawezi kuwa kijana katika zama zote mbili. Tukiuliza juu ya maandishi, ya kale kabisa yanayojulikana ambayo humtaja kuwa mwanzilishi wa namna ya kupigana yaliandikwa mwaka 1669. Mwandishi wake alikuwa Huang Zongxi, mmoja wa wanachuoni mashuhuri wa karne ile, na aliyaandika yawe maneno ya kaburi la bwana mmoja aitwaye Wang Zhengnan. Katika maneno hayo Huang alizigawa ngumi za Uchina katika matawi mawili. La kwanza aliliita la nje, nalo ni la hekalu la Shaolin, makao ya watawa wa Buddha. La pili aliliita la ndani, akasema kwamba lilianzishwa na Zhang Sanfeng wa Wudang. Jina la tai chi halimo kabisa katika maandishi yale.

Sasa tuulize haja ya mwandishi. Mwaka 1644 nasaba ya Ming ilianguka, na Wamanchu kutoka kaskazini mashariki wakaingia Beijing wakaweka nasaba yao, iitwayo Qing. Huang Zongxi alikuwa amepigana nao, na waliposhinda alikataa kuwatumikia. Kusema waziwazi kwamba mgeni ametutawala, nasi ipo siku tutamwangusha, kulikuwa ni kujitafutia kifo. Lakini nani angemwadhibu mtu kwa kusifu ngumi? Mafundisho ya Buddha yalitoka ugenini, katika nchi ya India. Mafundisho ya Tao yalizaliwa Uchina. Kwa hiyo baadhi ya wanahistoria wa leo huyasoma maneno ya Huang kama fumbo: ngumi ya nyumbani, iliyo laini, itaishinda ngumi ya kigeni iliyo ngumu. Kilikuwa ni kilio cha mtu aliyeshindwa, kilichofichwa ndani ya sifa za marehemu.

Je, basi hekaya ile ni uwongo wa kutupwa? La. Haitufundishi lolote la hakika juu ya Zhang Sanfeng, lakini yatufundisha mengi juu ya watu walioipenda na kuihitaji. Hekaya ni kama kioo: mtu akitazama ndani akitarajia kumwona babu yake, atauona uso wake mwenyewe.

Tukiuacha mlima wa watawa na kufuata njia ya maandishi na makaburi, tunafika mahali pa kawaida sana, katika kijiji cha wakulima. Chenjiagou, yaani Korongo la Ukoo wa Chen, ni kijiji cha wilaya ya Wen, mkoa wa Henan, upande wa kaskazini wa Mto wa Manjano. Watu wa ukoo huo husema kwamba babu yao, Chen Bu, alihamia nchi ile kutoka mkoa wa Shanxi katika karne ya 14. Walilima, na kwa kuwa nchi ilijaa wanyang'anyi nyakati za njaa na vita, walijifunza pia kupigana.

Katika kizazi cha tisa alitokea Chen Wangting, ambaye huhesabiwa kuzaliwa karibu na mwaka 1600 na kufa karibu na mwaka 1680. Katika siku za mwisho za Ming aliongoza askari wa wilaya yake kupambana na wanyang'anyi. Nasaba ile ilipoanguka, hakupata tena kazi ya kijeshi, akarudi nyumbani. Kumbukumbu za ukoo humtaja kuwa mwanzilishi wa ngumi ya Chen, na lipo shairi lihifadhiwalo kwa jina lake ambalo lasema kwamba uzeeni alilima wakati wa kulima ulipofika, na alipokuwa hana kazi alitunga mapigo na kuwafundisha watoto na wajukuu.

Wala hakutunga kutoka katika utupu. Katika karne ya 16 jemadari Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia katika pwani ya Uchina, aliandika kitabu cha kufundishia askari, na ndani yake aliweka mikao 32 ya ngumi aliyoichagua katika michezo mbalimbali ya wakati wake. Mingi ya mikao hiyo, pamoja na majina yake, imo katika mchezo wa ukoo wa Chen. Aliyelifichua jambo hili kwa bidii kuliko wengine ni mwanahistoria Tang Hao, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisafiri mpaka Chenjiagou, akasoma kumbukumbu za nasaba, akalinganisha maandishi na maandishi, kisha akatangaza kwamba asili ya tai chi ni kijiji kile, wala si mlima wa Wudang. Wengi walichukizwa. Waliona kwamba amewanyang'anya mtakatifu na kuwapa mkulima. Mpaka leo wapo wasiokubaliana naye, na mjadala haujafungwa. Lakini yeyote atakaye kumpinga yampasa alete ushahidi ulio mzito kuliko wake, wala si hasira.

Ngumi ile ilikaa katika ukoo wa Chen kwa vizazi kadhaa. Aliyeitoa nje ni mtu wa ukoo mwingine, Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 huko Yongnian, katika mkoa uitwao leo Hebei. Alikuwa mtu maskini, akafika Chenjiagou akawa mwanafunzi wa Chen Changxing. Watu husimulia kwamba alikuwa mtumishi wa nyumba, akachungulia mazoezi usiku kupitia ufa wa ukuta, mpaka akagunduliwa na kusamehewa kwa sababu alikwisha kuwashinda wanafunzi wenyewe. Msomaji aliyekwisha kujifunza kuipima hekaya ya kwanza ataipima na hii pia. La hakika ni kwamba alijifunza kwa Chen Changxing miaka mingi, na kwamba baadaye alikwenda Beijing, akafundisha katika nyumba za wakuu na kuwafunza askari wa walinzi wa mfalme. Wenye kumpinga walijaribu nguvu zao kwake, na watu wakampa jina la Yang Asiyeshindwa. Wahenga husema kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Jogoo huyu wa Yongnian aliwika mjini, tena karibu na jumba la mfalme. Alifariki mwaka 1872.

Hapa historia ina kejeli yake. Huang Zongxi aliisifu ngumi ya ndani akiwa na uchungu juu ya Wamanchu. Miaka 200 baadaye Yang Luchan aliifundisha tai chi kwa walinzi wa mfalme wa Kimanchu, na mmoja wao, Quanyou, Mmanchu kwa kuzaliwa, alikuwa mwanafunzi hodari. Mwanawe, Wu Jianquan, ndiye ambaye jina lake limepewa mmoja wa mikondo mitano mikuu ya tai chi. Kilichodhaniwa kuwa silaha ya kumfukuza mgeni kimehifadhiwa na mikono ya mgeni yule yule.

Mikono ya wakulima iliupa mchezo huu viungo. Wanachuoni waliupa maneno. Katika mji wa Yang Luchan iliishi familia tajiri ya wasomi, na mmoja wao, Wu Yuxiang, alijifunza kwa Yang, kisha mwaka 1852 akajifunza kwa Chen Qingping, mtu wa ukoo wa Chen. Husemwa kwamba ndugu yake, aliyekuwa mtumishi wa serikali huko Wuyang, alipata katika duka la chumvi andiko la kale la mtu aitwaye Wang Zongyue. Wang huyo alikuwa nani, wataalamu wangali wakibishana. Lakini maandishi yaliyotoka katika nyumba ya akina Wu ndiyo yaliyoifunga ngumi ile na falsafa ya Upeo Mkuu, kwa fundo ambalo halijafunguka tena.

Falsafa hiyo ni kongwe kuliko ngumi yenyewe. Neno taiji limo katika maelezo ya kale yaliyoambatanishwa na kitabu cha Wachina kiitwacho Yijing, na katika karne ya 11 mwanafalsafa Zhou Dunyi alilifafanua kwa mchoro na maelezo mafupi. Mafundisho yake kwa muhtasari ni kwamba Upeo Mkuu ukitembea huzaa yang, na ukitulia huzaa yin. Na kwa kupokezana kwa hizo mbili hupatikana vitu vyote. Yin hapo asili ni upande wa mlima ulio kivulini, na yang ni upande uliopigwa na jua. Msomaji asidhani kwamba moja ni uovu na nyingine ni wema. Mlima ni mmoja. Jua likihama, kivuli nacho huhama. Usiku si adui wa mchana, wala kuvuta pumzi si adui wa kuitoa. Kila kimoja humwachia mwenzake nafasi kinapofika ukingoni mwake.

Pamoja na hayo yapo mafundisho yanayonasibishwa na Laozi, ambaye alitaja maji kuwa mfano wa ulaini. Maji hayana umbo lake wala hayagombani na jiwe, lakini miaka ikipita ni jiwe lililikalo.

Mambo haya yaweza kuonekana mbali na mapigano. Tuchukue basi mfano wa nyumbani. Mtu anausukuma mlango kwa bega, akidhani kwamba umefungwa kwa komeo, na mara mtu aliye ndani anaufungua ghafula. Msukumaji ataanguka sakafuni. Nani aliyemwangusha? Aliyefungua hakumgusa. Aliangushwa na nguvu zake mwenyewe zilizokosa cha kuegemea. Hiyo ndiyo siri ya tai chi, na si siri kubwa. Ajaye kwa nguvu nyingi hapingwi kwa nguvu. Hupokewa, hufuatwa, huongozwa kidogo pembeni, mpaka aifikie ncha ya mwendo wake. Hapo yang yake imekwisha, na mguso mdogo watosha. Walimu husema kwamba uzito wa wakia chache waweza kuugeuza uzito wa ratili elfu. Kwa hiyo ulaini wa tai chi si unyonge. Mnyonge hurudi nyuma kwa sababu hana njia nyingine. Mwenye ulaini hurudi nyuma kwa sababu anajua atakaposimama.

Lakini zilikuja siku ambazo falsafa hiyo ilipata mtihani mkali. Katika Vita vya Kasumba, vya 1839 hadi 1842, Uchina ilishindwa na Uingereza. Mwaka 1895 ilishindwa na Ujapani. Mwaka 1900 walitokea wanamgambo walioamini kwamba mazoezi ya ngumi pamoja na maombi yangewakinga na risasi. Hawakuwa watu wa tai chi, lakini ushindi wa mataifa manane yaliyoingia Beijing mwaka ule ulikuwa aibu kwa ngumi zote za Uchina, kwa maana risasi hazikusikiliza maombi. Wageni, na hata Wachina wenyewe, wakaiita nchi ile kubwa Mgonjwa wa Asia ya Mashariki. Ngumi yafaa nini mbele ya mzinga?

Swali hilo lingeweza kuiua tai chi. Wenye kuipenda wangeweza kufanya moja kati ya mawili: kuing'ang'ania kama silaha mpaka ichekwe, au kuitupa kama taka ya zamani. Walichagua njia ya tatu. Utawala wa wafalme ulikwisha mwaka 1912, na katika jamhuri mpya walitokea watu waliosema kwamba taifa lenye watu dhaifu haliwezi kusimama, na kwamba mazoezi ya mwili yasiwe mali ya askari na koo chache, bali ya kila mtu. Vilianzishwa vyama na vyuo vya mazoezi, kikiwemo Chama cha Jingwu huko Shanghai mwaka 1910, na Chuo Kikuu cha Ngumi za Taifa huko Nanjing mwaka 1928.

Katika hali hiyo alifundisha Yang Chengfu, mjukuu wa Yang Luchan, aliyeishi tangu 1883 hadi 1936. Alifundisha hadharani Beijing, kisha Shanghai na miji mingine ya kusini. Mchezo aliourithi ulikuwa na miruko na mapigo ya ghafula. Yeye aliulainisha, akaufanya uende kwa mwendo mmoja usiokatika, ili mtu dhaifu, mzee au mgonjwa aweze kuufuata. Katika miaka ya 1930 vitabu vyenye picha zake vilipigwa chapa, na kilichokuwa siri ya ukumbini kikawa mali ya msomaji yeyote. Mkondo wake wa Yang ndio ulioenea kuliko mingine yote.

Je, kitu kilipotea? Bila shaka. Mwaka 1928 Chen Fake wa Chenjiagou alipofika Beijing na kuonyesha mchezo wa ukoo wake, wengi walistaajabu, kwa kuwa walikwisha kuzoea ulaini mtupu, nao waliona miguu ikikanyaga kwa kishindo na mikono ikifyatuka kama upinde. Walikuwa wakimtazama babu wa mchezo wao bila kumtambua. Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Kama Yang Chengfu asingeibadili, yamkini tai chi ingebaki ufundi wa watu wachache tu. Mti usioacha majani yake wakati wa ukame hukauka mpaka shina.

Na sasa tuutazame mwendo wenyewe. Anayejifunza huanza kwa kusimama, na walimu husema kwamba kusimama vema ni kazi ya miezi. Kichwa hukaa kana kwamba kimetungikwa kwa uzi kutoka utosini, mabega hushushwa, kifua hakitunishwi, magoti hukunjwa kidogo. Pumzi huvutwa taratibu na kwa kina, mpaka tumbo hutembea nayo. Kisha mwendo huanza, nao huanzia kiunoni. Mikono hufuata kiuno kama kamba ifuatavyo ndoo. Uzito hukaa katika mguu mmoja kwa zamu. Mguu uliobeba huitwa uliojaa, na usiobeba huitwa mtupu. Na kujua wakati wote ni upi uliojaa na ni upi mtupu ndiyo elimu ya yin na yang kwa nyayo.

Mapigo yana majina ya kupendeza: Korongo Mweupe Akunjua Mbawa, Kugawa Manyoya ya Shingo ya Farasi, Kupeperusha Mikono kama Mawingu. Lakini ndani ya kila jina zuri yumo adui asiyeonekana. Mkono upandao polepole unaukinga mkono wa mtu. Mkono ushukao unamvuta ajaye. Mazoezi hufanywa polepole kwa sababu kosa likienda mbio halionekani. Mwanafunzi akisonga mbele hufanya mazoezi ya wawili, yaitwayo kusukumana mikono: kila mmoja hugusa kifundo cha mkono wa mwenzake na kutafuta mahali mizani ya mwenzake ilipopotea. Sharti ni mbili, kutopinga na kutoachia. Ipo pia michezo ya upanga, mkuki na silaha nyingine.

Mwaka 1956 kamati ya michezo ya serikali ya Uchina ilichagua mapigo 24 kutoka mkondo wa Yang, ikayapanga kwa utaratibu mwepesi. Mchezo mrefu wa zamani waweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Huu mfupi hukamilika kwa dakika chache, na mamilioni ya watu wamejifunza kwa njia hiyo.

Wachina wa kale husema kwamba mazoezi haya hukuza qi, pumzi ya uhai ipitayo mwilini. Hapana chombo kilichopata kuipima qi, na mwanafunzi wa sayansi ana haki ya kungoja ushahidi. Lakini miguu ya wazee imepimwa. Mwaka 1996 wataalamu wa mji wa Atlanta, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi: waliojifunza tai chi kwa majuma 15 walipunguziwa hatari ya kuanguka mara kwa mara karibu kwa nusu. Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi mwingine wa Marekani, wa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemesha mwili na kuharibu mizani. Baada ya majuma 24, waliofanya tai chi walisimama kwa uthabiti kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kuinua uzito. Haya hayamaanishi kwamba tai chi ni dawa ya kila maradhi, wala haichukui nafasi ya daktari. Yamaanisha tu kwamba mtu azoeaye kuuliza ardhi kabla ya kuikanyaga huanguka mara chache.

Mchezo huu uliona pia miaka ya dhiki nyumbani kwake. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, mambo mengi ya zamani yalipigwa vita, na walimu wa ngumi waliteswa pamoja na wengine. Kijijini Chenjiagou alikuwapo mzee Chen Zhaopi, ambaye alirudi mwaka 1958 alipoona kwamba mafundisho ya ukoo yanakaribia kufa, akawafundisha vijana. Alifariki mwaka 1972, na baadhi ya vijana wale wakawa walimu mashuhuri duniani. Mnamo Desemba 2020 shirika la UNESCO liliiandika tai chi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Tumrudie sasa yule mzee wa bustanini. Mkono wake umebeba vitu vingi kuliko tulivyodhani: mikao ya askari wa jemadari Qi, jasho la wakulima wa Korongo la Chen, umaskini wa Yang Luchan, uaminifu wa Mmanchu Quanyou, maneno ya wasomi, na aibu ya taifa lililoitwa gonjwa. Hekaya ya mtawa na nyoka hutupa mtu mmoja mwenye akili, aliyejua kila kitu kwa siku moja. Historia hutupa watu wengi, ambao kila mmoja alijua sehemu, akaipokea kwa mwenzake, akaigeuza kidogo, akaitoa.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Maneno hayo ni kweli, lakini asili isiyoachwa yapaswa kuwa asili ya kweli. Mkulima aliyetunga mapigo baada ya kupalilia shamba lake hahitaji kuvikwa kanzu ya mtawa ili apate heshima. Nanyi vijana mtakaposimuliwa habari za mwanzo wa jambo lolote, liwe la Uchina au la kwenu, fanyeni kama afanyavyo mwanafunzi wa tai chi: msilipinge kwa hasira, wala msiliegemee kwa uzito wenu wote, mpaka mmelipima na kuona kwamba litawachukua.